Usifunge maji ndani ya faiba

Kazi yangu inafuata mwezi. Wavuvi wa dagaa wa huku Igombe, Mwanza, wanaingia Ziwa Victoria siku za giza, maana ndipo taa inawaita dagaa wakapanda juu. Mbalamwezi ikishakolea taa inakosa kazi, boti zinapandishwa mwaloni, ufukweni zinapotua, na simu yangu inaanza kuita. Kila kilichopasuka, kilichochubuka na kilichoanza kuvuja kinaletwa kwa wakati mmoja, na kila mwenye boti ana ombi lile lile: fundi, giza lisinikute nchi kavu.

Ombi hilo ni la haki. Boti ikikaa mchangani, nahodha na vijana wake hawapati kitu, na akina mama wanaonunua dagaa kwa ndoo ili waanike nao wanakaa bure. Wengine boti zenyewe wamezichukua kwa mkopo. Tangu serikali ilipogawa boti za faiba, yaani za nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini, kwa wavuvi hapa Mwanza mwanzoni mwa 2024, napokea wateja ambao hawakuwahi kumiliki chombo kisicho cha mbao, na marejesho yanawasubiri. Naandika haya kwa ajili yao hasa. Mtumbwi wa mbao tunaujua tangu kwa babu zetu: ukipasuka unaupiga kalafati, unagongea kipande cha bati, unaondoka. Faiba nayo inatengenezeka, tena vizuri kabisa, na pale palipotengenezwa sawasawa panabeba mzigo sawa na pengine popote kwenye boti. Ila ina sharti moja ambalo mwezi hauwezi kulisogeza. Haikubali kufungwa ikiwa imelowa.

Nichukue boti moja niliyoishughulikia karibuni, ya mama mmoja wa Kayenze. Urefu wake ni kama mita 7, inavua dagaa, na ni ya faiba tupu isipokuwa mataruma ya ndani ambayo ni mbao zilizovikwa faiba. Ilikuwa inarudi alfajiri na mzigo ikapanda jiwe karibu na kisiwa cha Bezi. Mawe ya Mwanza mtu wa huku hahitaji kusimuliwa. Yale yanayosimama juu, mfano Bismarck pale mjini, hata mgeni anayakwepa. Yanayovunja boti ni yale yaliyo shibiri moja chini ya maji, na ziwa lilipojaa mwaka 2020 mawe kadhaa ambayo manahodha walikuwa wakiyaona kwa macho yalizama kidogo tu, kiasi cha kufichika bila kufikia kina cha kupita boti.

Kwa nje palionekana ufa wa urefu wa kiganja na nusu, upande wa kulia wa mkuku, ule uti wa chini ya boti, na rangi imechubuka. Kwa ndani, chini ya mbao za sakafu, kulikuwa na unyevu kidogo. Mwenye boti alikuwa ameshaambiwa na fundi mwingine kwamba ni kazi ya puti na rangi, siku mbili inarudi majini.

"Fundi, si ufa tu huu?" akaniuliza.

"Mama, tuugonge kwanza, tusikie umefika wapi."

Nagonga kwa mpini wa bisibisi, kidogo kidogo, nikianzia mbali na kuusogelea ufa. Faiba nzima inalia sauti kavu ya juu. Mahali ambapo matabaka yameachana inaitika sauti nzito, bubu. Kila sauti inapobadilika kijana wangu anaweka alama ya chaki. Tulipomaliza, chaki ilikuwa imezunguka eneo ambalo mikono yangu miwili iliyokunjuliwa haikulifunika, na ufa wenyewe ulikuwa mstari mdogo katikati. Mama akaichukua bisibisi akagonga mwenyewe, nje ya alama, ndani ya alama, akarudia. Habari ya puti hakuitaja tena.

Jambo hili mwenye boti akilielewa, nusu ya ugomvi wetu inaisha. Mbao ikigongwa inavunjika mbele ya macho yako. Faiba inabonyea kisha inarudi. Gelikoti, ile ngozi ngumu ya nje, inapasuka pale jiwe lilipogusa, lakini ndani matabaka yanachanika mbali zaidi, na taruma lililoshikilia ukuta kwa ndani linaweza kung'oka bila kuonekana kwa nje. Kwa hiyo ufa unakuonyesha jiwe liligusa wapi tu. Ukubwa wa jeraha utaujua kwa kugonga, na baadaye kwa kusaga.

Mimi nilianzia gereji za magari, kwenye kunyoosha bodi, kwa hiyo puti naiheshimu. Kwenye gari bati ndilo linalobeba, puti inalainisha uso. Kwenye boti ya faiba ukuta wenyewe ndio uliovunjika. Nyuzi za kioo ndizo zinazobeba nguvu, na rezini, ile gundi inayoganda, inazishika zisihame. Nyuzi zikishakatika hakuna puti ya kuziunga. Zaidi ya hapo, puti ya magari imejazwa unga unaonyonya maji. Ukiipaka nene chini ya usawa wa maji italowa, itavimba, na siku moja itabanduka yote kwa mkupuo, boti ikiwa mbali na nchi kavu na watu wamo ndani.

Kuna imani nimeikuta karibu kila mwalo niliofanya kazi, kwamba maji baridi hayadhuru faiba, kwamba kinachokula boti ni chumvi ya bahari. Kwa chuma ni kweli. Kwa faiba mambo ni kinyume. Wala faiba si mtoto wa bahari: moja kati ya boti za kwanza kabisa za faiba na rezini ya poliesta aliitengeneza Ray Greene huko Toledo, jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 1942, na Toledo iko kando ya Ziwa Erie, ziwa la maji baridi kama letu. Rezini ya poliesta inapitisha maji, ingawa polepole mno. Yanapenya mwaka hadi mwaka, na yakikuta kitundu cha hewa kilichoachwa wakati boti inatengenezwa, yanayeyusha mabaki ya kemikali yaliyomo na kugeuka kimiminika kizito. Kimiminika hicho kinavuta maji mengine kutoka nje, na kadiri maji ya nje yanavyokuwa hayana chumvi ndivyo mvuto unavyozidi. Shinikizo likikua, gelikoti inatoa malengelenge. Ukitaka kutoboa mojawapo vaa miwani, maana majimaji yake yanaweza kuruka usoni, kisha unuse: ni harufu ya siki. Ziwa letu lina vuguvugu mwaka mzima, na joto nalo linaharakisha jambo hili. Kwa hiyo ukinunua boti ya faiba ukaiacha majini miezi na miezi bila kuipandisha ikauke, usijipe moyo kwamba ziwa letu ni pole.

Kwenye boti ya mama malengelenge hayakuwa mengi. Lakini nilipotoboa tundu dogo kwa drili sehemu ya chini kabisa ya eneo la chaki, yalitoka maji, na yalikuwa na ile harufu. Maji ya jiwe la wiki ile hayanuki hivyo. Haya yalikuwa ya zamani, yameingia kitambo kabla ya ajali, na nilitaka kujua yalipitia wapi kabla sijafanya lolote jingine.

Tuling'oa mbao za sakafu. Karibu na jeraha, juu ya taruma, kulikuwa na kishikio cha nguzo ya taa kilichofungwa kwa skrubu nne. Aliyekifunga alipitisha drili kwenye faiba mpaka ndani ya mbao, akakaza skrubu, akaondoka bila kuziba matundu kwa rezini. Maji ya sakafuni, ambayo kwenye boti ya dagaa hayakauki, yakawa yanashuka na skrubu siku baada ya siku. Mbao ikaoza ndani ya vazi lake la faiba huku kwa nje likionekana zima. Nilipolikata lile vazi, mbao ilitoka kwa vidole, nyeusi, imelainika. Jiwe la Bezi liligonga mahali ambapo nyuma yake hapakuwa na kitu cha kuzuia. Skrubu nne ndizo zilizofanya mgongano mdogo kuwa jeraha kubwa, na hili nawaomba wenye boti mlishike: msimruhusu mtu yeyote kutoboa boti yenu bila kuwaambia tundu linazibwa na nini. Namna iliyo sawa ni kutoboa tundu kubwa kuliko skrubu, kulijaza rezini iliyokorogwa nzito, kuiacha igande, kisha kutoboa tundu la skrubu ndani ya ile rezini. Mbao haiguswi na maji kamwe.

Sasa kukausha. Hapa ndipo mimi na mwenye boti tulipokuwa na mazungumzo marefu kuliko yote.

Kwanza tuliondoa kila kilichooza na kila tabaka lililoachana, mpaka tukabaki na tundu la wazi unaloweza kupitisha kichwa. Mtu anayeliona tundu hilo kwenye boti iliyoletwa na ufa tu anashtuka, na nilimwandaa mama kabla sijawasha grenda. Kisha tuliosha kwa maji safi ya bomba, tukarudia na kurudia, ili ile asidi itoke kwenye nyuzi, kwa sababu ikibaki itaendelea kuvuta unyevu kutoka hewani hata chini ya turubai. Boti tuliilaza kwenye matairi, pua juu, kizibo cha nyuma kimetolewa. Tukatundika turubai kuzuia mvua na umande, tukaweka feni na taa za joto zikipuliza na kupasha kutoka ndani. Wengi wanadhani kukausha ni kuanika juani tu. Jua kali linapasha ngozi ya juu, na unyevu ulio ndani kabisa unabaki pale pale.

Namna ya kujua kama imekauka haihitaji mashine. Chukua kipande cha nailoni angavu, kibandike juu ya faiba kwa gundi ya utepe pande zote nne pasipite hewa, kisha kiache. Ukirudi ukakuta ukungu au matone kwa ndani ya nailoni, boti bado inatoa maji. Mara ya kwanza tulikuta ukungu. Mara ya pili pia, ingawa mdogo. Mama alikuwa anakuja asubuhi anainama mwenyewe kutazama nailoni yake, na kwa wakati huo mwezi ulikuwa umeshapungua, boti za jirani zimeanza kutoka jioni.

"Fundi, wenzangu wanaingia ziwani."

"Naona, mama. Nikifunga leo utaingia nao kesho kutwa. Lakini maji yaliyomo humu yatazuia rezini isishike. Kwa nje itang'aa, hutaona kasoro. Boti ikianza kupiga mawimbi na mzigo, kiraka kitaachia kipande kizima."

Akanyamaza, akampigia nahodha wake simu pale pale, akamwambia wasubiri. Ule haukuwa uamuzi mwepesi kwake, na nataka niseme wazi kwamba nusu ya kazi nzuri kwenye boti ile aliifanya yeye kwa simu ile. Fundi peke yake hawezi kumshinda mwezi.

Nailoni ilipotoka kavu nilianza kusaga mteremko. Hili ndilo jambo la pili ambalo watu wa haraka wanaliruka. Rezini mpya haiyeyukiani na ya zamani zikawa kitu kimoja. Inashika kwa kung'ang'ania mikwaruzo ya uso wa zamani, basi. Kwa hiyo inahitaji eneo pana la kushikia. Ukuta wa boti hii hapo ulikuwa na unene wa milimita 6. Kwa kila milimita 1 ya unene nilirudi nyuma milimita 12, yaani zaidi ya sentimita 7 kutoka ukingo wa tundu kwenda kila upande, nikitelemsha taratibu kwa msasa namba 36 mpaka tundu likawa katikati ya bonde pana kama sahani. Fundi anayejaza tundu lenye kingo zilizosimama wima anatengeneza kizibo, na kizibo kinasukumika.

Vumbi la kusaga faiba ni kioo. Linawasha ngozi, linaumiza macho, na ukilivuta linaingia kwenye mapafu. Tunavaa mikono mirefu, miwani iliyofunga pembeni na barakoa ya chujio, siyo kitambaa. Kabla ya kuanza tunapaka poda ya watoto shingoni na kwenye viwiko ili vumbi lisigande, na tukimaliza tunaoga maji ya baridi kwanza. Lakini kinachonigusa zaidi ni dagaa. Mwaloni kwetu dagaa wanaanikwa kwenye chanja na wengine chini kwenye nyavu, hatua chache kutoka zinapopandishwa boti. Vumbi la kioo likitua juu ya dagaa hakuna wa kuliona, na dagaa hao wanakwenda kuliwa na watoto. Kwa hiyo nimekubaliana na viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi mwaloni, mahali pa kusagia: mbali na chanja, na upande ambao upepo unatoka kwenye chanja kuja kwangu. Upepo ukigeuka, grenda inazimwa. Vumbi tunalilowesha, tunalizoa na kulifunga kwenye viroba. Fundi asiyejali hili sioni anastahili kufanya kazi mwaloni, hata awe hodari kiasi gani.

Rezini niliyotumia ni poliesta ya kawaida, na hadina yake, dawa ya kuigandisha. Kwa kilo 1 ya rezini naweka mililita 10 hadi 20 za hadina, kutegemea joto la siku. Adhuhuri ya kiangazi naweka chache, asubuhi ya mawingu naongeza. Napima kwa bomba la sindano. Najua wapo wanaomimina kwa kizibo au kwa macho, na napingana nao kabisa. Hadina ikipungua chini ya asilimia 1 rezini haitaganda mpaka ndani, itabaki laini miezi, na huwezi kuiokoa tena isipokuwa kuikwangua. Ikizidi, inapata moto, inasinyaa na kupasuka. Ukitaka muda mrefu wa kufanya kazi changanya kidogo kidogo, na mimina kwenye trei pana badala ya kuiacha kwenye kopo, kwa sababu ikirundikana inajipasha yenyewe mpaka inatoa moshi.

Hadina hiyo ni hatari kuliko inavyoonekana. Tone moja likiingia jichoni linaweza kulipofusha. Osha kwa maji mengi yanayotiririka, angalau dakika 15, bila kusubiri kwanza uone kama linauma, kisha nenda hospitali. Kwa walio mjini, Bugando au Sekou Toure. Na kama rezini yako inauzwa bila kichocheo cha kobalti, ukanunua kobalti pembeni, usiikutanishe kamwe na hadina moja kwa moja, kwa sababu vinalipuka. Kobalti inakorogwa kwenye rezini kwanza, hadina inafuata baadaye.

Kule kungoja kukauka kulitufikisha mwezi mchanga, na mwezi ukiwa mchanga wale wadudu wa ziwani hupanda mawingu kwa mawingu. Kila aliyewahi kupaka kitu mwaloni anajua wanavyotua kwenye rangi mbichi. Kwenye faiba ni zaidi ya uchafu, kwa kuwa kila mdudu aliyenaswa kati ya tabaka na tabaka anaacha kitundu, na kitundu ndicho makao ya maji. Tulifunga chandarua kuzunguka sehemu yote, tukaanza jua likiwa limeshapanda, tukamaliza kabla ya jioni.

Kwa ndani tuliegemeza kipande cha fomaika kilichopakwa nta, kikafuata umbo la boti, ili mkeka wa faiba upate kitu cha kulalia. Mkeka niliotumia ni wa gramu 450 kwa mita ya mraba. Tabaka lake moja likishaganda linatoa karibu milimita 1, kwa hiyo ukuta wa milimita 6 unajua wenyewe unadai nini. Katikati nikachanganya na kitambaa cha kufuma kwa ajili ya nguvu. Rezini iwe kama mara mbili ya uzito wa mkeka au kuzidi kidogo. Watu wanadhani rezini nyingi ni nguvu nyingi, kumbe rezini bila nyuzi ni kitu cha kupasuka tu.

Kuhusu kipande kipi kitangulie, mafundi tunabishana. Mimi natanguliza kikubwa, kinachofika mpaka ukingo wa juu wa mteremko, kisha vinavyofuata vinapungua kuelekea katikati. Sababu yangu ni kwamba kile cha kwanza kinashika faiba ya zamani eneo lote kwa nyuzi zisizokatwa, na nikija kulainisha uso kwa msasa nakuwa nakula vile vidogo vya juu, siyo kile kinachobeba. Kabla ya chochote uso wa zamani unapakwa rezini, na mkeka unalazwa juu yake ili unywe kutoka chini. Rola ya chuma yenye mifereji inapita kutoka katikati kwenda nje mpaka hewa itoke yote. Popote panapobaki peupe ni nyuzi kavu, hapajashika, rudi hapo. Tuliweka matabaka matatu, tukaacha yapoe, ndipo tukaendelea. Ukiweka yote kwa pamoja joto lake linaweza kuunguza kazi.

Hapa mtu aliyesoma kidogo ataniuliza kwa nini si epoksi, aina nyingine ya rezini. Epoksi inashika faiba ya zamani vizuri kuliko poliesta, na kwa jeraha ambalo huwezi kupata mteremko mpana ningeichagua. Lakini bei yake ni nyingine kabisa, kipimo cha hadina yake hakibadiliki hata siku iwe na joto gani, mikeka mingi ina gundi iliyotengenezwa iyeyuke kwenye poliesta, na gelikoti ya poliesta haikai vizuri juu yake. Kwa boti ya dagaa yenye nafasi ya kutosha ya mteremko, poliesta iliyowekwa pakavu inatosha kabisa.

Taruma jipya nililitengeneza kwa mbao kavu, nikainywesha rezini pande zote kabla ya kuiweka. Kwenye kona lilipokutana na ukuta nilijaza rezini nzito na kuiviringa kwa kijiko, kwa kuwa mkeka haupendi kukunjwa kona kali, unaacha pengo la hewa. Juu yake matabaka matatu, yakitambaa ukutani pande zote mbili.

Nje tulimalizia na gelikoti yenye nta, kwa sababu bila nta uso wa juu unaogusa hewa haukauki, unanata. Rangi haikufanana kabisa na ya zamani na sikupoteza siku kuitafuta. Mabaki ya rezini tuliyaacha yagande kwenye makopo kabla ya kuyatupa, na asetoni ya kuoshea brashi haikumwagwa mchangani. Maji ya kunywa ya mjini yanavutwa ziwa hili hili, pale Capri Point. Sina neno la kuongeza hapo.

Rezini inaganda ndani ya nusu saa lakini haijakomaa. Niliomba wiki nzima, na mama, ambaye alikuwa ameshakosa siku za mwanzo za giza, akanipa. Nilipogonga tena kwa bisibisi, sauti ilikuwa moja kutoka pua hadi nyuma. Kabla ya kuishusha tulipaka unga wa chaki mkavu kwa ndani, juu ya kiraka na kwenye kona zote za taruma, tukaiingiza majini na mawe machache ya uzito. Maji yanapopenya chaki inabadilika rangi hata kabla tone halijaonekana. Ilibaki nyeupe.

Nguzo ya taa sasa imefungwa kwa kibano kinachoshika ukingo wa juu, bila tundu lolote sakafuni. Mkuku tuliongezea matabaka mawili sehemu inayogusa mchanga, na nahodha amekubali kuipandisha juu ya magogo badala ya kuiburuta, na kuacha kizibo wazi kila inapokaa nchi kavu. Mama ana boti ya pili, umri sawa na hii, na kishikio cha taa kimefungwa na mtu yule yule. Haivuji. Nimemwambia ailete wiki hii hii nitoe zile skrubu nione mbao yake ikoje.